Mwalimu Aliyesoma Matokeo Kuanzia Chini

Habari ya kifo chake niliipata kwenye foleni ya maji. Msomaji wa Voi hahitaji kuelezwa foleni hiyo: mifereji ikikauka tunakutana sote penye lori la maji, mwenye digrii na asiye nayo, kila mtu na mitungi yake, na umbea wa mji mzima unakuja kupanga foleni pamoja nasi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi, mkulima wa kule ng'ambo ya reli, ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakaja kufyeka mashamba huku. Aligeuka akaniambia, "Mzee, umesikia Madam ametuacha?" Nikamuuliza Madam yupi, ingawa moyo ulikuwa umeshajua. "Madam wetu wa shule. Ni presha. Amefia hospitali jana." Akausogeza mtungi wake kwa mguu kuifuata foleni, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kijana yangu ndiye alipigiwa simu wa kwanza ule mwaka." Watu wakaguna kwa heshima, na mwanamke mmoja akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mgeni angedhani kijana huyo alikuwa bingwa wa mtihani. La hasha. Alikuwa ameshika mkia.

Naomba nieleze, kwa faida ya wasomaji wanaotusoma kutoka mbali. Marehemu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya sekondari ya kutwa hapa kwetu, shule ya umma, yenye madarasa machache, tangi la maji linalovuja na mti mmoja wa mwarobaini ambao ndio ukumbi wa mikutano. Sote tunajua siku ya matokeo ya kidato cha nne inavyokuwa katika nchi hii. Shule zilizofaulu hufunga matawi kwenye magari, walimu wakuu hubebwa juujuu, nyimbo huimbwa mpaka sauti zikakauka. Yeye siku hiyo alijifungia ofisini na chupa ya chai, akayaweka matokeo mezani, akaanza kuwapigia watahiniwa wake simu mmoja mmoja. Alianza na yule wa mwisho kabisa. Akapanda hivyo hivyo, taratibu, hadi kufika kwa aliyeongoza, na kufikia hapo jua lilikuwa linakaribia kuzama. Hakuwahi kubadilisha utaratibu huo.

Nilimuuliza sababu siku moja, nikidhani ataninukulia lile neno la Biblia kuhusu wa mwisho kuwa wa kwanza, maana alikuwa mama wa kanisa. Alinicheka. "Aliye juu atapigiwa na dunia nzima," akasema. "Hata mjomba ambaye hajawahi kumnunulia kalamu atampigia. Huyu wa chini anazima simu. Mimi lazima nimpate kabla hajaizima, kabla hajaanza kuwaza mambo mabaya." Halafu akanigeukia mimi, kwa lile jicho lake la kumpima mtu. "Na nyinyi watu wa magazeti ndio wabaya zaidi. Mnasoma matokeo kutoka juu. Mkifika katikati, wino umeisha." Nilimwomba chai.

Ili umwelewe mwalimu huyu, ni lazima uwaelewe watoto aliokuwa nao, na hapo ndipo wengi wetu hukosea tunapozitazama shule kwa wastani wake. Watoto waliofaulu vizuri shule ya msingi, wa mjini na wa milimani, walikuwa wakiitwa na shule kubwa za bweni. Wazazi wa vijiji vya milimani, Wusi na Ronge alikozaliwa mwalimu mwenyewe, waliuza mbuzi, waliuza hata mti wa mgrevilia uliosimama mpakani, ili mtoto apande gari na sanduku lake la bati. Waliobaki ndio waliokuja kwake. Walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya mkonge, ambao mkataba wa baba ukiisha nao wanahama katikati ya muhula. Walikuwa wajukuu walioachwa kwa bibi. Walikuwa wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, wanaokimbia nyumbani saa ya chakula kunyonyesha. Kulikuwa na wachache kutoka familia za Waislamu wa hapa mjini, ambao Kiswahili chao kilitufanya sisi wengine tuone haya kufungua mdomo. Na kulikuwa na hawa wa ng'ambo ya reli, watoto wa wakulima, ambao ndio hasa kisa changu cha leo. Binti yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo. Alikuwa na pumu, mama yake hakutaka alale mbali, na mimi nilikuwa mwakilishi wa wazazi kwenye bodi. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona.

Watoto wa ng'ambo ya reli walikuwa wanachelewa, na wakifika wanasinzia. Msimu wa mahindi ulipofika safu yote ya nyuma ilikuwa imelala, vichwa juu ya madawati. Walimu wageni waliwachapa kwa maneno, maana kiboko kimekatazwa, mpaka mwalimu mkuu alipowakalisha chini akawaeleza. Usiku watoto hawa hulinda shamba pamoja na baba zao, wakipiga madebe na kuwasha moto ili ndovu wasimalize mahindi. Alfajiri wanaoga, wanavaa sare, wanashika njia inayopita chini ya tuta la reli. Njia hiyo hiyo ndiyo ndovu wanaitumia kurudi mbugani. Ndovu hana haraka ya kwenda shule, na mtoto mwenye akili humwachia njia. Basi mwalimu akafanya jambo ambalo sijaliona katika shule nyingine yoyote. Shule zote nchini huweka hesabu asubuhi, akili ikiwa bado mbichi. Yeye aliiondoa hesabu asubuhi akaiweka baada ya chai ya saa nne, na asubuhi akaweka michezo na kazi za shamba la shule. Ofisa mmoja wa elimu alipokuja kukagua alishangaa. "Madam, hii timetable umeitoa wapi?" Akamjibu, "Nimeitoa kwa ndovu, bwana. Wao ndio wanajua darasa langu linajaa saa ngapi." Ofisa akacheka mpaka akavua miwani, na ratiba ikabaki.

Hata hivyo wastani haukupanda kwa kasi ambayo watu waliitaka, na kelele zikaanza. Idadi ya wanafunzi ilikuwa inashuka, na uvumi ukaenea mjini kwamba shule itafungwa na watoto watawanywe. Mwenyekiti wa bodi, mzee mstaafu mwenye viatu vilivyong'arishwa hata wakati wa vumbi, aliitisha mkutano. Sitaki msomaji amfikirie vibaya. Aliipenda shule ile. Alichangia saruji ya darasa la kwanza na kuwasimamia mafundi mwenyewe. Ila alikuwa na wazo ambalo, tusifichane, si geni katika nchi hii. Alitaka wale wanafunzi dhaifu wa kidato cha nne waondolewe kwenye orodha ya watahiniwa wetu, wakajiandikishe kituo kingine, mbali, ambako alama zao hazitahesabiwa kwetu. Na aliyetajwa kwanza kabisa alikuwa kijana wa yule mama wa foleni ya maji.

Mwalimu mkuu aliuliza kwa upole, "Mwenyekiti, hawa watoto tumekaa nao tangu kidato cha kwanza. Tumekula nao pure moja, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja. Leo tuwaambie waende wakafeli kwa jirani?"

"Hakuna mtu amesema wafeli, Mwalimu," mwenyekiti akajibu. "Tunasema tu wasifelie hapa."

Baadhi ya wajumbe walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka. "Na huyu kijana akitoka hapa, unajua atakwenda kituo kipi? Hatakwenda popote. Atabaki shambani na debe lake, na ataamini maisha yake yote kwamba yeye ni uchafu tulioufagia wageni wakija."

"Mean, huu wastani wetu, ikianguka tena tunafungwa," mwenyekiti akasema. "Hapo utawasaidia wangapi?"

Lilikuwa swali la haki. Shule nzima kwa ajili ya watoto wachache, ndiyo hesabu iliyokuwa mezani, na hata mimi niliyekuwa upande wake sikujua ningeipingaje. Mwalimu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Sawa. Mimi nitakubali kwa sharti moja. Habari hii isiende kwa simu wala kwa mtoto. Kesho alfajiri twende wenyewe, mimi na wewe, tukamwambie mama yake mbele ya macho yake. Na twende kwa miguu, kwa njia anayopita." Akanitazama. "Na mwakilishi wa wazazi aje, asije akaandika uongo." Mwenyekiti hakuwa mtu wa kukwepa, akakubali.

Tulikwenda. Kulikuwa na baridi ile ya Voi ya alfajiri ambayo haidumu. Tulipokaribia tuta la reli tukakuta matawi yamevunjwa na kinyesi cha ndovu njiani, bado kinafuka mvuke. Mwalimu akatuinulia mkono tusimame. Tukangoja, watu wazima watatu, nyuma ya kichaka cha mikwaju, tukisikia miti ikivunjwa upande wa pili na tumbo la mnyama likinguruma. Kijana mwenyewe tulimkuta huko huko, amevaa sare, anangoja kama kawaida yake. Alitusalimia kwa adabu, akamwambia mwenyekiti kwa sauti ya chini, "Mzee, usiogope, huyo wa mwisho huwa anachelewa. Akipita ni salama." Mwenyekiti akajibu kwamba haogopi, huku ameshika mkono wangu. Ndovu walipopita, kijana akashika njia ya shule nasi tukashika ya kwao. Tulipofika nyumbani, mama yule alituona akashtuka, akatoka jikoni anafuta mikono. "Karibuni, karibuni. Kuna nini wazee? Kijana yangu amekosa?" Akatutolea viti, akaleta chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha. Nyuma ya nyumba nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, mabua yamekanyagwa usiku ule ule. Mwenyekiti akaitazama nusu ile kwa muda mrefu. Mwalimu mkuu hakumsaidia. Alikunywa chai yake, akamwachia uwanja.

"Mama," mwenyekiti akaanza, akakohoa. "Mama, sisi tumekuja... tumekuja kuona mahindi."

"Ni hayo mnaona, wazee," mama akasema. "Lakini mtoto anasoma. Baba yake anasema hata ndovu wamalize yote, mtoto amalize shule."

Mwenyekiti akanywa chai, akausifu muhogo, akaaga. Njiani mwalimu hakuligusa lile jambo hata kidogo, ila nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikibana. Wazo lile halikurudi tena kwenye bodi. Na tangu siku hiyo, mtu yeyote akitoa pendekezo la kumkata mtoto fulani kwa faida ya shule, mwenyekiti mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema, "Labda kwanza twende tukaone mahindi." Nampenda mzee yule mpaka leo kwa sababu hiyo.

Ningependa kukwambia, msomaji wangu, kwamba kijana yule alipasua mtihani na shule ikaimbiwa redioni. Hadithi za namna hiyo zinauzwa sana, na nyingi ni za kutungwa. Kijana alipata D ya chini, akawa wa mwisho, na wastani ukaanguka kidogo kama mwenyekiti alivyoogopa. Siku hiyo ya matokeo ndiyo nilijifunza maana ya simu zile, kwa sababu binti yangu ndiye aliyeongoza. Nyumbani kwangu tulikuwa tumeshachinja kuku. Mashangazi walipiga, majirani walikuja, lakini binti alikuwa anangoja simu moja tu na haikuja. Adhuhuri ikapita. Alasiri nikashindwa kuvumilia, nikampigia mwalimu mwenyewe, nikiwa nimekasirika kidogo kama baba wa namba moja anavyostahili kukasirika. Akaniambia, "Foleni, baba, foleni. Bado niko katikati." Akakata. Alipopiga jioni kwa zamu ya binti yangu sauti yake ilikuwa imekauka, akamwambia, "Mama, wewe nilijua uko salama, ndiyo maana nimekuacha ungoje." Binti yangu alilia zaidi kwa neno hilo kuliko kwa matokeo yenyewe.

Na shule haikufungwa. Sababu yake hakuna aliyeitabiri kwenye mkutano wetu. Habari kwamba kuna mwalimu aliyekataa kumtupa mtoto wa mwisho zilisafiri kwenye mashamba, kwenye kambi za mkonge, mpaka kwa jamaa za wakulima kule mbali Mahoo, na muhula uliofuata wazazi walianza kuleta watoto. Hawakuwa watoto ambao shule kubwa zingewapigania. Walikuwa watoto ambao wazazi wao walitafuta mahali ambapo hawatafagiliwa nje. Darasa la kidato cha kwanza likajaa hadi dirishani. Wastani nao ukaja kupanda, polepole, kama mzee anayepanda mlima wa Wundanyi kwa miguu, anapumzika kila kona. Leo kwa mtaala huu mpya shule ndogo nyingi zimerudi kule kule kwenye hofu: watoto wamechagua shule zenye majina, madarasa yamebaki na wanafunzi wa kuhesabika, na maneno ya kuunganisha na kufunga yameanza upya. Sina dawa ya mambo hayo. Ninachojua ni kwamba tunaziita shule hizi dhaifu kwa kutazama alama zinazotoka, wala hatuulizi ni nani aliyeingia, amelala wapi usiku, na ni nini kilichosimama njiani asubuhi. Mwalimu anayempokea mtoto wa E akamtoa na D amefanya kazi kubwa, na hatumbebi juujuu. Inaniuma kwamba tumechelewa kumwambia hivyo huyu wetu.

Tulimzika kwao Ronge, katika shamba la baba yake, pale alipokuwa amestaafu majuzi tu na kuanza kufuga kuku. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Watu wa milimani walijaa, watu wa tambarare nao walipanda kwa malori. Ratiba ilikuwa kama ratiba zote za mazishi yetu: familia, kanisa, walimu, viongozi, na wanafunzi wakapewa nafasi ya mtu mmoja. Waandaaji walikuwa wamemchagua binti yangu, ambaye sasa anasoma ualimu, kwa kuwa matokeo yake hayajapitwa pale shuleni. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha. Mshereheshaji alipomwita akaenda, akashika kipaza sauti, akautazama umati mpaka nikaanza kuogopa kwamba amesahau. Halafu akasema, "Samahanini wazee. Kwa utaratibu wa Madam, mimi siwezi kuanza." Akamtafuta kijana yule kwa macho, akampata nyuma kabisa, kando ya mama yake. "Njoo," akamwambia. "Wewe ndiye ulipigiwa wa kwanza."

Kijana alikuja taratibu kati ya viti. Siku hizi ana kibanda cha kuchomelea milango karibu na stendi ya Voi, na makovu ya cheche yamejaa mikononi. Hakuwa na karatasi. Alisema, "Siku ile nilikuwa nimeshika simu nataka kuizima. Nilikuwa nimekaa kwenye tuta la reli, na sikuwa nataka kurudi nyumbani." Hapo mama yake akainama, na nikaelewa kwamba hilo hakuwahi kuambiwa. "Simu ikalia. Nikaona ni Madam. Nikajua ananipigia kunigombeza, nimemwangushia shule. Akaniuliza, 'Umekula?' Nikamwambia bado. Akasema, 'Nenda kwa mama ukale, halafu kesho uje tuone utafanya nini. Wewe ni wangu.' Ni hayo tu." Akarudisha kipaza sauti. Binti yangu hakuongeza neno. Karatasi yake aliikunja akaitia mfukoni. Mwenyekiti wetu wa zamani, aliyekuwa amekaa viti vya mbele na viongozi, aliinuka na fimbo yake, akamfuata kijana mpaka nyuma, akaketi kando ya yule mama.

Nimekuwa nikiandika safu hii kwa miaka mingi, na kila mwaka matokeo yakitoka nimewapongeza walioongoza, jambo ambalo si baya, wanastahili. Lakini kila nyumba inayochinja kuku siku hiyo ina jirani ambaye mlango wake umefungwa, na ndani yake kuna mtoto ameshika simu. Ukimjua, usingoje jioni. Muulize kama amekula. Mimi kwa upande wangu nimeamua kwamba mwaka huu nitayasoma matokeo kuanzia chini. Na wino ukiniishia, basi na uniishie nikiwa nimewafikia wale wa juu. Wao hawatakosa wa kuwapigia.